Kasumba aliyoisema Marx

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, alhamdulillahi. Unaniuliza kama ni kweli Karl Marx, yule mwanafalsafa wa Kijerumani, alisema dini ni kasumba ya watu, maana mwenzako kazini alikurushia neno hilo alipokuona umetoka kuswali, ukakosa la kumjibu.

Ni kweli, aliandika. Ila sentensi hiyo ina wenzake, na wanaoinukuu huwaacha nyuma. Ilichapishwa Paris mwaka 1844, Marx akiwa kijana wa miaka 25, umri wako. Kabla yake anasema dini ni kite cha kiumbe aliyeonewa, ni moyo wa ulimwengu usio na moyo, ni roho ya hali zisizo na roho. Ndipo ikaja kasumba. Yasome kwa sauti. Mtu anayebeza waumini haanzi na kilio chao.

Halafu neno lenyewe. Sisi tukisikia kasumba tunafikiria ile ya kikoloni, ujinga uliopandikizwa kichwani. Ulaya ya wakati ule kasumba, yaani afyuni, ilikuwa dawa ya dukani: watu walikunywa matone yake kwa kikohozi na kuhara, na watoto wachanga walinyweshwa wapate kulala. Ubaya wake nao ulijulikana. Uingereza ilikuwa imetoka kupigana na China kwa ajili yake, vita vilivyoisha 1842. Neno moja lilibeba kituliza maumivu na sumu.

Sikufichi, Marx hakuwa mtu wa dini na alitaka watu waachane nayo. Lakini aliandika pia kwamba maua ya kufikirika yamechumwa kwenye mnyororo ili mtu autupe mnyororo wenyewe na kuchuma ua lililo hai. Kwamba imani yetu ni maua ya kufikirika, hapo namkatalia. Habari ya mnyororo, yaani uonevu unaowafunga watu, namsikiliza.

Unakumbuka bibi yako alipougua mguu? Usiku mmoja dawa ya maumivu ilimwishia. Akaomba tasbihi yake, ile iliyokatika akaiunga kwa uzi mweusi wa kushonea, akavuta uradi mpaka alfajiri, mimi nimemshika unyayo. Adhana ilipolia aliiweka chini ya mto, akanitazama, akasema: "Haya, kukicha tu uende ukatafute dawa."

Mama yako