Nani apigiwe simu kwanza?

SWALI: Mimi ni afisa utumishi katika kampuni yenye wafanyakazi wapatao 600. Kwa kawaida watu kati ya ishirini na thelathini huwa katika likizo ya ugonjwa, nasi tunaowafuatilia ni wawili tu. Hivi karibuni uongozi umenunua programu inayompa kila mfanyakazi alama kulingana na siku na mara alizokosa kazini, na tumeagizwa tuanze na wenye alama nyingi. Je, huo ni utaratibu mzuri wa kuamua nani asaidiwe kwanza?

JIBU: Kwa maelezo yako, programu hiyo inaelekea kutumia kanuni ya Bradford, ambamo idadi ya vipindi vya kukosa kazini, aghalabu ndani ya wiki 52, huzidishwa kwa yenyewe, kisha jibu lake likazidishwa kwa jumla ya siku zilizokosekana. Mfanyakazi aliyeugua siku mojamoja mara kumi hupata alama 1,000, ilhali aliyevunjika nyonga akakaa nyumbani siku 120 mfululizo hupata alama 120 tu. Kanuni hiyo hupima jinsi ratiba ya kazi inavyovurugika. Uhitaji wa mgonjwa haumo kabisa. Mwenye selimundu au kipandauso ataonekana mtoro, na yule wa nyonga atabaki mkiani mwa orodha yenu, labda hata asijuliwe hali.

Ningekushauri uanze na jedwali lenye mambo manne kwa kila mgonjwa: tarehe aliyoanza likizo, tarehe cheti chake cha ugonjwa kinapokwisha, siku aliyozungumza na mtu wa kazini kwa mara ya mwisho, na kile ambacho daktari amesema anaweza au hawezi kukifanya. Safu ya mazungumzo ndiyo ambayo ofisi nyingi huiacha tupu, nami naiona kuwa ya thamani kuliko zote, kwa sababu kadiri mtu anavyokaa nje kwa muda mrefu ndivyo uwezekano wa kurejea kazini unavyopungua, na ukimya wa mwajiri huzidisha hofu kwamba nafasi yake imekwisha chukuliwa.

Tuseme mtunza ghala yuko siku ya 26, cheti chake kinakwisha Ijumaa, daktari ameandika asinyanyue mizigo, na hakuna aliyewahi kumpigia simu. Huyo apigiwe leo, kwa kuwa huenda kinachomzuia kurudi ni jambo lililo mikononi mwenu, kama vile kumpangia kazi ya kuandika stakabadhi kwa wiki kadhaa. Mwenzake aliye katika matibabu ya saratani, siku ya 70, aliyezungumza nawe juma lililopita mkakubaliana kwamba atakutafuta mwenyewe, hana haja ya simu nyingine, hata kama siku zake ni nyingi maradufu.

Jina la ugonjwa lisiwemo katika jedwali hilo. Mkataba Namba 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985, unataka huduma za afya kazini zijulishwe kuhusu maradhi na utoro utokanao na afya ili ichunguzwe kama mazingira ya kazi yana uhusiano nayo, lakini unasema pia kwamba mwajiri asiwatake wahudumu hao wathibitishe sababu za mtu kutokuwapo. Kwa hiyo takwimu za maradhi zibaki kwa wahudumu wa afya, nanyi mpewe uwezo na mipaka ya mtu kikazi. Wafanyakazi waelezwe mapema ni taarifa zipi zinazowekwa na nani anaziona. Na alama hizo, mkilazimika kuzihifadhi, zisiingie kamwe katika faili la nidhamu.

Mwisho, lipange jedwali kwa idara pia. Likionyesha kuwa wanne kati ya walio nje wametoka katika meza moja ya kufungashia, wapigieni simu wote wanne, kisha mwende mkaipime meza yenyewe kimo chake, maana huenda ndiyo inayowaumiza.