Sheria za haki za watu wenye ulemavu: tenganisha kwanza wajibu wa aina mbili

Ukianza kazi ya kutetea haki za watu wenye ulemavu, usikimbilie kukariri vifungu. Jua kwanza kwamba kuna wajibu wa aina mbili, maana malalamiko mengi ya haki kabisa hukwama kwa kuuchanganya.

Wa kwanza ni ufikivu. Ni deni kwa umma mzima: jengo, basi na tovuti vinatakiwa vifikike kabla mtu yeyote hajaomba. Wa pili ni marekebisho stahiki kwa mtu mmoja, kama mkalimani wa lugha ya alama kwenye usaili au muda wa ziada kwenye mtihani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unaweka ufikivu katika kifungu cha 9. Kifungu cha 2 kinatamka kuwa kumnyima mtu marekebisho stahiki ni ubaguzi. Hoja ya “mzigo uliopita kiasi”, yaani kwamba kutekeleza ombi kungemlemea mno anayeombwa, imo humo humo, kwenye marekebisho. Mwajiri akiitumia kutetea ngazi za mlangoni, ambazo ni suala la ufikivu, muulize anategemea kifungu gani cha sheria ya nchi.

Sheria mama mara nyingi husema tu kwamba jengo “lifikike”. Vipimo utavikuta kwenye kanuni na viwango vya ujenzi. Angalia pia tarehe ya kuanza kutumika, na kama majengo ya zamani yamehusishwa.

Kisha beba futi kamba. Uwiano unaotumika sana kwa njia ya mteremko ni 1:12, yaani kila kimo cha 1 kinahitaji urefu wa 12. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45, kwa hiyo mteremko unahitaji mita 5.4, mbali na sehemu bapa za juu na chini. Ukikuta wa mita 2 pale, hapandi mtu wa kiti mwendo bila kusukumwa, na kushuka ni hatari. Hata hivyo wenye jengo huuhesabu na kusema “mteremko tunao”. Mlango nao hupimwa ukiwa wazi nyuzi 90, kutoka uso wa ubao wa mlango hadi fremu ya upande wa pili. Ukipima ubao peke yake utapata upana usiokuwepo.

Ombi la marekebisho liwe la maandishi: kizuizi ni kipi, kinaathiri kazi gani, unaomba nini, na unataka jibu lini. Historia ya ugonjwa si lazima uieleze yote. Ukijibiwa kwa mdomo, yaandike maneno hayo siku hiyo hiyo, umtumie aliyeyasema ayathibitishe.