Maswali ya Wasomaji: Yule Mhariri Mtulivu wa Daily Bugle

Tangu nilipoandika kidogo kuhusu Daily Bugle, lile gazeti la kubuni la New York ambako Peter Parker huuza picha za Spider-Man, barua zenu zimemwandama mtu mmoja: Joseph Robertson, ambaye wenzake humwita Robbie. Nimefurahi mno. Nimehariri habari hapa Kisumu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na katika vitabu vyote vya vibonzo sijapata mhusika ninayemheshimu kumliko.

*Shangazi, salamu nyingi. Hapa kinyozini tulitazama zile filamu za zamani za Spider-Man, zenye yule mkubwa wa gazeti anayefokea kila mtu. Kuna mwanamume mweusi husimama kando yake, hasemi sana. Mwenzangu anadai yuko pale kujaza picha tu. Mimi naona kama ana kazi kubwa ila hatuonyeshwi. Tuamulie. — Kinyozi, Kondele, Kisumu*

Ndugu yangu, wewe ndiye uliyeona vizuri. Katika filamu hizo tatu, za 2002, 2004 na 2007, Robbie aliigizwa na Bill Nunn, mwigizaji aliyefariki 2016, na kweli hakupewa maneno mengi. Kwenye vibonzo ni habari nyingine. Alianza kuonekana katika toleo la 51 la The Amazing Spider-Man, la Agosti 1967, kazi ya mwandishi Stan Lee na mchoraji John Romita. Cheo chake kilikuwa mhariri wa habari za jiji, na baadaye akapanda hadi kuwa mhariri mkuu. Mtu wa cheo hicho ndiye huamua mwandishi gani aende wapi na habari ipi ingoje. Akiona habari ina tundu, humrudishia mwandishi hata kama makataa yamefika.

J. Jonah Jameson, yule anayefoka, anamchukia Spider-Man na angependa kila asubuhi ukurasa wa kwanza umwite mhalifu. Robbie humuuliza ana ushahidi gani. Hapigi meza. Huuliza tu, na akikosa jibu huuliza tena. Kama Bugle lina heshima yoyote mbele ya wasomaji wake, limeipata kwa sababu ya maswali hayo.

Tena uangalie mwaka wenyewe. Julai 1967, Rais Lyndon Johnson wa Marekani aliunda tume ya kuchunguza ghasia za rangi zilizokuwa zikichoma miji. Ripoti ya tume hiyo ilitoka mapema 1968 na haikuvibakizia vyombo vya habari: watu weusi walikuwa chini ya asilimia 5 ya wafanyakazi wa uhariri nchini humo, na kati ya wahariri na wasimamizi hawakufika hata asilimia 1. Wengi wa hao wachache walikuwa kwenye magazeti ya weusi wenyewe. Wakati huohuo, kwenye kurasa za kibonzo cha senti chache, mtoto mzungu wa Marekani alikuwa akimsoma mhariri mweusi mwenye tai na kiko, anayetoa amri kwenye gazeti kubwa na kutiiwa. Black Panther, shujaa mwingine mweusi wa vibonzo, alikuwa ametangulia 1966, lakini yule ni mfalme, na ana nguvu zisizo za kawaida. Robbie ana mke, Martha, na mwana, Randy, na kazi ya kuamkia. Hakuletwa ili achekwe, na kwa vibonzo vya wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa.

Hata nyumbani hakupewa raha ya bure. Randy aliingia hadithini Desemba 1968, akajiunga na maandamano ya chuoni ya kudai makazi nafuu ya wanafunzi, na alimwona baba yake kama mtu aliyekubali mno utaratibu wa wazungu. Ni mabishano ambayo ningeweza kuyasikia katika nyumba yoyote ya hapa Milimani, kati ya mzee mwenye cheo na mwanawe aliyetoka chuo.

Mwambie mwenzako jambo hili pia. Mzee aliyenifunza uhariri alikuwa Robbie mtupu, ingawa sidhani alipata kushika kibonzo maishani. Jioni moja iliingia habari kutoka Manyatta: mwendeshaji wa bodaboda amechoma kibanda cha mama mmoja kwa sababu ya deni. Jina la kijana limo, kichwa cha habari kimepangwa, ukurasa unangojwa kiwandani. Mzee akasoma kalamu mkononi, akafika mahali pa kuchoma, akasimama. "Nani alimwona?" Mwandishi akajibu kwamba watu wanasema. Mzee akavuta simu mwenyewe, akahangaika mpaka akampata mwenye kibanda. Mama akaeleza kwamba moto ulianzia kwenye nyaya za stima, na huyo kijana wa pikipiki ndiye aliyekimbia na mitungi ya maji, deni au si deni. Habari ikatoka siku ya pili, aya nne, kurasa za ndani. Bila swali lile, kijana angeamkia kwenye ukurasa wa kwanza akiwa mchomaji, na sote tunajua kundi la watu wenye hasira humfanyia nini mtu kama huyo kabla hajafungua mdomo.

*Shangazi, binti yangu ana miaka tisa na ana ualbino. Kaka yake anasoma vibonzo vya Spider-Man na ndani yake kuna jambazi anayemtesa huyo Robbie wenu, mweupe pepepe, meno amechonga. Binti akaniuliza, "Mama, mbona mtu mbaya anafanana na mimi?" Nilikosa la kusema. Nimeficha vitabu vyote. Nimekosea? — Mama, Section 58, Nakuru*

Mama, barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi nikaisoma upya. Jambazi huyo ni Lonnie Lincoln, aitwaye Tombstone, aliyebuniwa 1988 na Gerry Conway na Alex Saviuk. Ni Mmarekani mweusi mwenye ualbino, na walimchora hivyo ili atishe. Nalisema wazi: hilo ni kosa la hadithi, wala si mara ya kwanza kwa watunzi kuichukua ngozi ya watu wenye ualbino wakaigeuza alama ya uovu. Ubaya wa Lonnie ni kunyang'anya wenzake na kuua kwa malipo. Ngozi yake haihusiki hata kidogo, na hadithi isingepungua kitu kama angekuwa na rangi ya Robbie.

Kuficha vitabu sikulaumu, ila swali la mtoto halifichiki. Keti naye umwambie aliyechora alichagua vibaya. Mwambie pia kwamba katika filamu ya katuni ya 2018, Spider-Man: Into the Spider-Verse, sauti ya Tombstone ni ya Marvin Jones III, ambaye mwenyewe ana ualbino, ni msanii anayejipatia riziki kwa kipaji chake, na hapo alikuwa akiigiza. Halafu mtafutie picha ya Goldalyn Kakuya. Mwaka wa 2017, msichana huyo mwenye ualbino, kutoka shule ya Lubao huko Kakamega, aliongoza Kenya nzima katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi wakati huo, kwa alama 455 kati ya 500. Magazeti yalimbeba. Ikate, ibandike ukutani mahali anapochania nywele.

Na kama hujafanya hivyo, mwandikishe kwenye Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Lina mpango wa kugawa losheni ya kukinga jua bila malipo, na jua la Nakuru, kwa mwinuko ule, huchoma hata siku ya baridi. Mwalimu naye amweke dawati la mbele, karibu na ubao.

*Shangazi, niko kidato cha tatu katika shule ya bweni Kaunti ya Vihiga na ni mhariri wa gazeti la ukutani. Niliandika kuhusu wavulana wakubwa wanaotoza kidato cha kwanza pesa ili wasipigwe usiku. Mmoja wao akanivizia njia ya bwenini akaniambia nikibandika nitajuta. Nimeitoa. Najiona mwoga. Robbie angefanya nini? — Mhariri, Vihiga*

Mwanangu, Robbie alifanya vilevile ulivyofanya. Akiwa mwanafunzi Harlem, aliandika kwenye gazeti la shule kuhusu Lonnie, huyohuyo Tombstone, aliyekuwa akiwatoza wenzake pesa kwa vitisho. Lonnie akamkabili, Robbie akaiondoa habari. Miaka ikapita, akawa mwandishi kijana Philadelphia, na huko akamshuhudia Lonnie akimuua mtu aliyekuwa tayari kutoa siri. Lonnie akamwonya tena, Robbie akanyamaza tena. Alinyamaza miaka 20 huku akiwadai waandishi wake ukweli kila siku. Mficha maradhi kifo humuumbua: Tombstone alipotokea New York, Robbie akaamua kusema, na jambazi akamvunja mgongo. Aliposhitakiwa kwa kuficha ushahidi, hakujitetea kwa ujanja, akaenda jela.

Wewe hujafika huko. Habari uliitoa juzi, si miaka 20 iliyopita, na bado unayo. Kwa hiyo fanya kazi ya mhariri. Kwanza, usiende peke yako popote na jambo hili. Mchukue mwenzako mmoja unayemwamini. Andikeni kila mlichoambiwa na kidato cha kwanza: siku, mahali, kiasi cha pesa, nani alikuwepo. Daftari hilo lisilale bwenini, mpe mtu mzima. Chagua mwalimu mmoja, awe mlezi wa gazeti au yule wa ushauri nasaha, umpelekee kitu hicho mchana, ofisini, mlango ukiwa wazi. Mweleze na vitisho vilivyokupata, maana hivyo navyo ni sehemu ya habari.

Kuhusu kubandika, subiri. Majina ya watoto, wanaotoza na wanaotozwa, yasionekane ukutani kamwe. Unaweza kueleza jambo lote bila jina hata moja. Usalama wenu ukishashughulikiwa, wape wale wavulana nafasi ya kusema lao, wakiwa mbele ya mwalimu. Ndivyo magazeti makubwa yanavyopaswa kufanya na ndivyo utakavyofanya wewe.

Mwalimu akipuuza, nenda kwa mwalimu mkuu, na mzazi wako ajue siku hiyohiyo. Namba 116 ni ya kusaidia watoto, haitozwi pesa, na hupokea simu usiku na mchana. Wale wadogo wa kidato cha kwanza wanalala vyumba vilevile na watu wanaowapiga, kwa hiyo nakuomba usingoje wiki iishe. Uoga ninaousoma katika barua yako ni wa mtu aliyetishwa kweli, na mtu wa namna hiyo huhitaji wenzake karibu. Niandikie ukishaongea na mwalimu.

*Shangazi, swali fupi. Robbie anajua Peter Parker ndiye Spider-Man ama hajui? — Muuza vitabu vya mitumba, Kibuye*

Watunzi wameacha dalili kwa miaka mingi kwamba anajua, au walau amekisia vya kutosha. Mimi naamini anajua. Mtu anayesoma picha za kijana mmoja kila wiki, akaona zimepigwa kutoka pembe ambazo hakuna binadamu angeweza kusimama, hawezi kukosa kujiuliza. Na hajaiandika kwa sababu Peter hajamdhuru mtu na siri yenyewe ikitoka itamuua shangazi yake, May, kabla ya kumsaidia msomaji yeyote. Ukipata matoleo ya 1988 na 1989 ya The Spectacular Spider-Man, yale ya Tombstone, niwekee. Nitapita Jumapili sokoni.