Barua kwa mwanangu: Lecce au Bergamo?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza bibi ninayemtunza alikuwa ananiita, sikushika kitu. Mara ya pili nilikuwa jikoni nakoroga polenta yake. Unasoma hapo Perugia, umepata kazi mbili za mpishi msaidizi, moja Lecce kusini mwa Italia, moja Bergamo kaskazini, na umeniuliza: "Mama, Lecce wananipa euro 1,200 kwa mwezi, Bergamo 1,400. Wewe umekaa kote. Chakula, kodi, watu, wapi nitaishi vizuri?" Leo ni Alhamisi, nina mapumziko mpaka jioni, basi nakujibu kwa maandishi. Kwa simu tungekatizana tu.

Ila ujue tangu sasa kwamba shahidi wako ana upande. Mimi niko Bergamo, na kukuona kila Jumapili ni jambo kubwa kwangu baada ya miaka yote uliyolelewa na nyanyako. Kwa hiyo kila nitakaposifu huku, wewe punguza kidogo.

Naanza na Napoli, ingawa hukuniuliza, maana ndiko nilikoshukia 2006. Nilikuja na Kiitaliano cha Malindi, kile cha kuokota kwa wageni wa hoteli, nikidhani nimebeba lugha. Napoli wakanisemesha Kinapoli, nikawa bubu. Asubuhi ya kwanza nikaingia baa (baa za huku ni za kahawa, hilo umeshalizoea) nikaagiza kahawa. Kikaja kwanza kiglasi cha maji. Nikakiacha, nikihofia kitalipiwa. Mwenye baa akakisogeza mbele yangu kwa kidole kimoja: kunywa, osha ulimi, ndipo uionje kahawa. Nilipotoa pesa akakataa, imeshalipwa. Mtu fulani alipita mapema, akalipa mbili, akanywa moja. Wanaiita caffè sospeso, kahawa inayoachwa kwa ajili ya asiyekuwa nayo. Nilitoka pale moyo umefurahi, halafu kabla sijafika kona nikaanza kujiuliza: kwani naonekana sina hata pesa ya kahawa?

Napoli nilikaa miaka mitatu. Pizza ni rahisi na ni tamu kuliko popote, hilo waachie wenyewe, na kazi nyingi nilizopewa hazikuwa na karatasi. Tuendelee.

Lecce nilikaa mitano. Ukarimu wa kule hutafundishwa, utauona unaujua. Ukimkuta mtu anakula atakwambia "Favorisci", na huo ni ukaribisho wetu ule ule: mtu ana tonge mkononi anakwambia karibu, nawe unajibu starehe. Si lazima ukae ule. Ila asiposema ni aibu yake, na usipojibu ni aibu yako.

Tulipanga ghorofa ya pili, na chini yetu alikaa mama mmoja mjane. Wiki yetu ya kwanza akapanda ngazi na sahani ya shimo yenye maua, iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Ndani mlikuwa na ciceri e tria, dengu zile kubwa na tambi pana, tambi nyingi zimechemshwa, chache zimekaangwa zikakauka kama chauro. Neno tria, wanasema wenyewe, ni la Waarabu, itriya. Nilikula nimesimama pale pale mlangoni. Sahani ya jirani hairudi tupu, basi kesho yake nikairudisha na mahamri sita. Akanusa, akauliza harufu hii ni ya nini. Nikamwonyesha iliki. Tangu siku hiyo ile sahani ya maua ikawa inapanda na kushuka ngazi, juu na chini, miaka mitano.

Lakini pamoja na sahani yalikuja maswali. Mume yuko wapi? Natuma pesa ngapi nyumbani? Mbona jana nilirudi saa sita usiku? Mtaa ule ulijua mshahara wangu kabla haujaingia benki. Wewe ni mtu wa kujifungia chumbani na simu yako, nakujua. Pima kama utaweza kupendwa kwa namna hiyo kila siku.

Chakula cha Lecce ni cha mtu wa pwani. Maharagwe ya fava yaliyopondwa yakawa uji mzito, pembeni mboga chungu ya chicory, juu mafuta ya zeituni. Ukifumba macho unaweza kudhani mtu kajaribu kupika mbaazi akasahau nazi. Mboga unanunua sokoni, na ukienda saa saba wanapofunga, wanakujazia mfuko wa tungule kwa bei ya kutupa. Mafuta ya zeituni tulikuwa tunaletewa kwa madumu ya lita tano kutoka mashamba ya jamaa wa jamaa. Siku hizi sijui kama utayapata hivyo, maana tangu 2013 kulipogunduliwa Xylella, ugonjwa wa bakteria, mizeituni kwa mamilioni imekauka huko Salento, eneo lenyewe la Lecce. Ukipita na treni utaiona imesimama kama kuni. Wakati wa joto watakupa kahawa ndani ya barafu na maziwa ya lozi. Hiyo usiikose.

Tahadhari mbili. Watu hudhani mafuta ya nguruwe ni mambo ya kaskazini. Pasticciotto, kile kikeki cha Lecce chenye krimu ndani, unga wake kwa desturi unakandwa kwa strutto. Nilikula kila Jumapili kwa miaka miwili ndipo nikaambiwa. Mungu anisamehe, na kilikuwa kitamu. Uliza "C'è strutto?" bila haya, wapo wanaotumia siagi. Ya pili, ukiona pezzetti kwenye menyu, ni farasi. Mashafii wenzetu hawamharamishi farasi, lakini mimi nilikumbuka macho yake tu nikaagiza samaki.

Sasa Bergamo. Nilifika 2014, na miezi ya mwanzo nililia. Watu wanakula saa moja na nusu jioni, saa tatu barabara kimya. Chakula kizito: polenta, jibini, nyama iliyopikwa nusu siku. Polenta ni ugali, usibishane, ila wao wanaukoroga karibu saa nzima kwenye sufuria ya shaba, unatoka wa manjano na laini, na wanauacha upoe wakaukate kwa uzi. Watu wa kusini huwaita hawa polentoni, yaani walaji wa polenta, kwa dharau, na hawa huwaita wale terroni, watu wa udongo. Mimi nimekaa kote nimeitwa vyote viwili kwa mzaha, nikaona huo ndio uraia. Casoncelli, tambi zao za kujazwa, zina nguruwe ndani na pancetta, nayo nguruwe, juu. Menyu ya huku nenda nayo mstari kwa mstari.

Huko Bologna kwa mama yako mdogo ndiyo usiseme, tortellini (nazo tambi za kujazwa) bila nguruwe kwao ni kama pilau bila bizari. Unakumbuka alivyotusimulia 2019? Kwenye sikukuu ya San Petronio, mtakatifu wa mji wao, tarehe 4 Oktoba, wakaandaa pia tortellini za kuku ili hata wasiokula nguruwe wakae meza moja na wenyeji. Za kawaida hazikuondolewa. Ikawa vita, wanasiasa wakapiga kelele nchi nzima kana kwamba mtu kaiba mnara wa mji. Yeye alikwenda akala za kuku, akasema zilihitaji chumvi.

Chumvi imenikumbusha mkate wako wa Perugia usio na chumvi, unaoulalamikia. Wazee wa hapo watakwambia ni kwa sababu ya vita vya chumvi vya 1540, walipogomea kodi ya Papa. Hadithi nzuri, ila mkate unabaki vile vile. Huku Bergamo mkate una chumvi. Lecce nako una chumvi, tena ni wa ngano ngumu, unakaa wiki bila kuoza.

Turudi kwa watu. Jirani yangu wa mlango wa pili hapa, mzee anayeishi peke yake, kwa miaka sita aliniambia neno moja tu, buongiorno. Nikajiambia ni ubaguzi, nikamchukia kimyakimya. Ikaja Machi 2020, na korona. Wewe ulikuwa Malindi, uliona kwenye televisheni yale malori ya jeshi yakibeba majeneza kutoka hapa usiku wa tarehe 18. Sisi tulikuwa ndani. Ving'ora vya ambulensi mchana na usiku, na kurasa za tanzia kwenye gazeti la hapa zilifika kumi. Siwezi kutoka, bibi ana kifua, nikimletea ugonjwa ameondoka. Jumatatu moja nafungua mlango naona mfuko umening'inizwa kwenye kitasa: unga wa polenta, malimau, maziwa, na barakoa mbili zimefungwa kwenye karatasi. Hakuna jina. Jumatatu iliyofuata tena. Ya tatu nikavizia kwenye tundu la mlango, nikamwona ndiye yeye, anatundika taratibu kama mwizi ili nisisikie. Mpaka leo hatujawahi kuizungumzia. Mwaka jana kwa mara ya kwanza alinialika chakula, akanipa tarehe wiki mbili kabla, na alikuwa amemuuliza binti yake Mwislamu anakula nini. Alipika samaki.

Basi usiniulize wapi watu ni wazuri. Lecce utapikiwa siku ya kwanza. Huku utasubiri.

Tuje kwenye pesa, maana najua hapo ndipo ulipotega sikio. Bei za supamaketi zisikusumbue, pasta na maziwa ni karibu sawa kote. Tofauti iko kwenye nyumba na mboga. Bergamo chumba cha kushiriki nyumba nimekutafutia, ni 450, umeme na gesi wakati wa baridi weka 60, chakula 220, basi 40. Kwenye 1,400 unabakiwa na 630. Lecce chumba 250, chakula 170, bili 40 na miguu yako mwenyewe. Kwenye 1,200 unabakiwa na 740. Umeona? Mshahara mdogo unakuachia zaidi. (Bili 40 hiyo ni kwa sababu hakuna cha kuwasha. Zile nyumba za mawe ni baridi tamu Agosti, lakini Januari ukuta unatoa maji na unalala na soksi.)

Sasa usikimbilie kufunga sanduku. Italia haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria, mishahara inapangwa na mikataba ya kitaifa ya kila sekta, na jedwali la mpishi msaidizi ni lile lile Lecce na Bergamo. Iweje basi mmoja aseme 1,200 na mwingine 1,400? Ama saa si sawa, ama daraja si sawa, ama kuna pesa itakayopita chini ya meza. Bergamo umeniambia ni jiko la kulishia shule na wazee, mwaka mzima. Lecce ni mkahawa wa ufukweni. Ufukwe wa Salento unajaa Juni mpaka Septemba, Oktoba wanakunja miavuli. Ikiwa 740 yako ni ya miezi mitano, hiyo ni 3,700. Za huku 630 mara kumi na mbili ni 7,560, na mshahara wa ziada wa mwisho wa mwaka, wanaouita wa kumi na tatu, sijauhesabu.

Na kuna kibali cha kukaa nchini. Cha masomo lazima kigeuzwe cha kazi, na kitakachosomwa ni mkataba, si ahadi ya mdomo. Mimi Lecce nilifanya kazi saa arobaini na nane kwa wiki kwa mwajiri mmoja aliyeandika ishirini. Alikuwa mtu mzuri sana, kila Pasaka alinipa mwanakondoo mzima. Nilipoumwa ndipo nikaelewa kwamba mbele ya serikali mimi ni mtu wa saa ishirini, hata malipo ya ugonjwa yalikuja nusu. Nao majirani zangu, watu wenye nyumba na mashamba, wakiugua kweli walikuwa wanapanda treni kuja kutibiwa Milano. Hilo nalo litie kwenye mizani, ingawa wewe bado ni kijana unajiona chuma.

Kwa hiyo waandikie Lecce, andika usipige simu: mkataba ni wa miezi mingapi, na saa ngapi zimeandikwa ndani. Wakijibu kumi na mbili na saa zote, nenda Lecce. Nimesema nenda. Nitapanda treni ya usiku Milano nije tuswali Idi pamoja, na nitanuna kidogo njiani. Wakikuzungusha, au wakisema "tutaona ukifika", njoo huku, chumba nimeambiwa kinanisubiri mpaka mwisho wa mwezi.

Na ukienda Lecce, pita kwa yule mama wa chini, bado yuko, tunapigiana simu Krismasi. Siku ile tunahama sahani yake ya maua ilikuwa kwangu, nikaifunga kwenye magazeti pamoja na vyombo vyangu bila kujua. Niko nayo hapa, nitakutumia. Ila mahamri utapika wewe.

Mamako