Moshi wa Sigara Una Nini na Kiuno?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni hamali bandarini Mkoani, Pemba, umri wangu miaka 43. Navuta paketi moja kwa siku. Kiuno kinaniuma mwezi wa 5 sasa, na daktari, pamoja na dawa, kaniambia niache sigara. Moshi si unakwenda mapafuni? Mgongo umeingiaje hapo? Na nikihamia ugoro je?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Daktari hakukosea. Baina ya pingili za uti wa mgongo mna diski, visahani vya gegedu vyenye ute katikati, na ndivyo vinavyobeba uzito wako na wa gunia. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu yake yenyewe. Chakula na oksijeni huipenyea kutoka vijishipa vyembamba vya mifupa iliyo juu na chini yake. Ni kama dodoki: mchana hukamuliwa, usiku ukilala hunyonya maji tena. Ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kuliko jioni, kwa sentimita 1 hivi.

Sasa nikotini, ile dawa ya tumbaku inayotia uraibu, hubana vijishipa hivyo, na kaboni monoksaidi, hewa ya sumu iliyomo katika moshi, huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Diski, ambayo riziki yake ni haba hata kwa asiyevuta, inashinda na njaa. Ute hukauka, ukuta wake huingia nyufa, kisha siku unainamia gunia la karafuu ute unachomoza na kugandamiza mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Kikohozi cha sigara nacho husukuma pale pale.

Ugoro hausaidii, wala tumbaku ya tambuu. Nikotini ni ile ile.

Diski iliyochakaa hairudi upya, lakini ukiacha, kaboni monoksaidi ya sigara hutoka katika damu ndani ya siku 1 hadi 3. Siku hizo ndizo ngumu kuliko zote. Hamu ikipanda hudumu dakika chache tu. Kunywa maji, tembea. Ramadhani unastahimili saa 13, kinachowaangusha wengi ni sigara ya baada ya futari, barazani na wenzao. Usikae hapo.

Kazini, kunja magoti, gunia liguse tumbo, na ukigeuka geuza miguu, usipinde kiuno. La kilo 50 chukueni wawili.

Ukifa ganzi baina ya mapaja, mkojo ukizuilika au kukutoka wenyewe, au mguu ukilegea, usingoje miadi: nenda hospitali saa hiyo hiyo.