Kabla hujachora mpaka, uliza kisu kilipita wapi

Wadogo zangu mnaoingia maabara, kila kundi jipya linaanza na kosa lile lile. Slaidi haijakauka vizuri, tayari kalamu imeshachora mpaka wa eneo 44 (namba za Brodmann, aliyegawa gamba la ubongo kwa mpangilio wa seli; 44 na jirani yake 45 ni sehemu za usemi) chini kabisa ya mtaro, yaani bonde kati ya matuta ya ubongo, kama vile mitaro ya ubongo ni mipaka ya mashamba. Mtafiti Amunts na wenzake walichunguza bongo 10, wakachapisha 1999: mipaka ya 44 na 45 haikukaa mahali pamoja kwenye mitaro, ilihama mtu hadi mtu. Kwa hiyo someni seli.

1. Fomalini ya kuhifadhia ubongo: asilimia 10, ujazo usiopungua mara kumi ya ubongo wenyewe. Uning'inizeni kwa uzi uliopitishwa chini ya ateri ya basila, mshipa wa damu ulio upande wa chini wa ubongo. Ukilala kwenye kitako cha ndoo utabonyea, na tuta lililobonyea halirudi.

2. Maji. Ya bomba hapa Kigoma mjini yanatoka Ziwa Tanganyika, na ziwa letu lina pH karibu 9. Kresili vayoleti, rangi yetu ya kuonyesha seli, inataka asidi, pH 3.5 hadi 4. Bila hiyo rangi inashika hata pasipo na seli na slaidi nzima inageuka zambarau. Tumieni maji yaliyokenekwa, rangi asilimia 0.1, matone ya asidi ya asetiki, kisha chujeni. Kwenye spiriti ya asilimia 95, inayotoa rangi ya ziada, usiiache slaidi ukaenda kunywa chai. Itoe, itazame kwenye hadubini, irudishe.

3. Pembe ya kisu. Hapa naomba mtulie, maana hata sisi tuliotangulia tumeangukia humu.

Chukua muhogo, ukate mkingamo: ganda ni jembamba, sawa pande zote. Sasa ukate mshazari. Ganda ni lile lile, lakini limenenepa. Gamba la ubongo, lenye tabaka sita za seli (I juu hadi VI chini), nalo ni hivyo hivyo. Lenye unene wa milimita 3, kisu kikiegemea nyuzi 45 kutoka wima litaonekana 4.2, kikiegemea nyuzi 60, litaonekana 6. Kila tabaka linatanuka. Tabaka la IV la eneo 44, ambalo ni jembamba na limekatika-katika, linakaa machoni kama mkanda kamili, nawe unaandika 45, ambalo IV yake ni kamili. Ubaya wake ni kwamba slaidi ni safi, rangi imekaa, mpaka unauona waziwazi. Mtu anahesabu seli miezi kadhaa, analinganisha kushoto na kulia, anapata tofauti kubwa, kumbe upande mmoja tuta lilipinda mbele ya kisu. Kazi yote inatupwa, na ule ubongo ni wa mtu. Hatutapewa mwingine wa kufidia.

Dawa yake ni seli za piramidi, tabaka la III na V. Zikiwa pembetatu zilizosimama, na mkono wa juu unaonekana ukipanda kuelekea uso wa gamba, kisu kilipita wima. Zikiwa za duara, hazina mkono, ni mshazari: andika kwamba sehemu hiyo haisomeki, usonge mbele. Tena hata kisu kikiwa sawa, mkunjo una mambo yake. Juu ya tuta, V na VI hunenepa. Chini ya mtaro hubanwa, na tabaka za juu ndizo hutanuka. Msiite hilo eneo jipya.

4. Anzeni na eneo 17, la kuona, nyuma ya ubongo. Mstari wa Gennari, utepe mweupe ndani ya gamba lake, unaonekana kwa macho matupu hata kabla ya rangi, na tabaka la IV linapoacha kugawanyika ndipo 18 inaanza. Halafu mtaro wa kati: ukuta wa mbele, seli za Betz (piramidi kubwa mno) na IV haionekani, ukuta wa nyuma, eneo 3b la mguso, IV imejaa punje. Asiyeiona tofauti hiyo asiguse 44.

5. Mpaka usiojirudia kwenye slaidi jirani, ufute, hata kompyuta inayopima msongamano wa seli ikiupa kilele kizuri kwenye grafu.

6. Ramani ya Brodmann ya binadamu ya 1909 haina 12 hadi 16 wala 48 hadi 51. Msizitafute.

Na namba ya slaidi iandikwe kwa penseli, kwenye kioo chenyewe. Wino unaondoka na zailini, kimiminika cha kusafishia slaidi.