Wasomaji Wanauliza: Kurudi Bangkok Baada ya Miaka Mingi

SWALI: Mimi na mke wangu tulifika Bangkok mwaka 2014. Tunataka kurudi Novemba kwa siku kumi, safari hii kutembea tu. Kuna nini kipya kinachoweza kutukwamisha? – Msomaji, Tanga

JIBU: Anayerudi hukwamishwa na mazoea kuliko ugeni. Ile kadi ya kuingia nchini mliyojaza ndani ya ndege haipo tena. Tangu Mei 1, 2025 mnajaza fomu ya TDAC, yaani kadi hiyo kwa njia ya kidijitali, mtandaoni, ndani ya siku tatu kabla ya kufika, kwenye tovuti ya Uhamiaji ya Thailand: tdac.immigration.go.th. Ni bure. Tovuti inayodai malipo ili kuijaza si ya serikali, hata ikipambwa kwa bendera ya nchi. Viza nayo huombwa mtandaoni kabla ya safari.

Cheti cha homa ya manjano bado kinatakiwa, na hapo ndipo abiria wa Afrika Mashariki hupoteza muda. Mkishuka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi msikimbilie foleni ya pasipoti. Tafuteni kwanza dawati lenye kibao cha Health Control, muonyeshe vyeti na mgongewe muhuri. Anayefika kwa afisa wa uhamiaji bila muhuri huo hurudishwa, akaanza foleni upya. Chanjo ya 2014 bado inatosha, kwani tangu 2016 cheti hudumu maisha yote. Kikipotea na mkachanjwa upya, kipya huanza kutumika baada ya siku 10, kwa hiyo msisubiri wiki ya safari.

Mjini, badiliko kubwa ni reli. Mlipokuja mara ya kwanza treni hazikufika mji wa kale. Ilikuwa teksi au boti. Mwaka 2019 njia ya buluu ya MRT, treni ya chini ya ardhi, ilirefushwa. Kituo cha Wat Mangkon kinawashusha mtaa wa Wachina, na Sanam Chai kipo hatua chache kutoka hekalu la Wat Pho. Tunawashauri mchague hoteli karibu na njia hiyo, hata kama chumba ni kidogo. Foleni za magari za jioni zitawahusu wengine.

Kutoka uwanjani, treni ya Airport Rail Link hadi kituo cha mwisho, Phaya Thai, ni baht 45. Hapo mnaunganisha na BTS, treni ya juu. Kwa MRT shukeni Makkasan, mtembee hadi kituo cha Phetchaburi. Kumbukeni BTS na MRT ni mifumo miwili: tiketi ya huku haifungui geti la kule. MRT inapokea kadi ya benki ya kugusa. BTS nunueni tiketi kwenye mashine. Mkiwa na mizigo mingi, chukueni teksi ya mita. Inaanza baht 35, ongezeni 50 za uwanjani na ushuru wa barabara ya kulipia, ambao ni wa abiria. Dereva akikataa kuwasha mita, shukeni.

Mkitaka kwenda mikoani, msiende Hua Lamphong, kituo kikuu cha zamani cha treni, kwa mazoea. Tangu Januari 2023 treni nyingi za masafa marefu huondokea kituo cha Krung Thep Aphiwat; kwa MRT mnashuka Bang Sue. Someni tiketi mapema.

Ulaghai wa Kasri la Kifalme haujabadilika. Mtu mtanashati atawaambia leo kumefungwa, kisha bajaji ya bei ya kutupa iwapeleke duka la vito. Nendeni hadi langoni wenyewe: hufunguliwa saa 2:30 asubuhi na tiketi huuzwa hadi saa 9:30 alasiri, baht 500. Mabega na magoti yafunikwe kwa nguo halisi. Mtandio juu ya blauzi isiyo na mikono mara nyingi hukataliwa.

SWALI: Chakula halali kinapatikana kirahisi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndiyo. Shuka BTS Nana, uingie Sukhumvit Soi 3, mtaa wa migahawa ya Kiarabu. Kwingineko tafuta nembo ya halali. Usiridhike na kuagiza tambi za kuku: supu yake huenda imechemshwa kwa mifupa ya nguruwe, na mafuta ya kukaangia pia yanaweza kuwa ya nguruwe.

SWALI: Hurudishiwa kodi ya manunuzi? – Msomaji, Kampala

JIBU: Kwenye maduka yenye tangazo la VAT Refund pekee, si vibanda vya masoko ya Pratunam au Chatuchak. Nunua kuanzia baht 2,000 duka moja siku moja, uwe na pasipoti, udai fomu papo hapo. Uwanjani pitia forodha kabla ya kukabidhi mizigo. Bidhaa zikishaingia tumboni mwa ndege huna cha kuwaonyesha. Ukinunua kifaa cha umeme, plagi yake haitaingia kwenye soketi zetu za pini tatu za mraba, basi nunua na adapta.